Anayedai Ukweli Ashike Spana

Kuna swali limenikaa kichwani tangu mwaka jana, nami naona afadhali nilitoe hadharani ili wenzangu mnisaidie kulibeba. Swali lenyewe ni hili: je, mtu akiziba tundu ambalo hakuna atakayeliona, amefanya vibaya? Ukilisikia harakaharaka utacheka. Wahenga si wametufundisha kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta? Kuziba ni jambo jema, tena la busara. Lakini wahenga hawakutuambia nyumba yenyewe ni ya nani, wala kama huyo anayeziba anakusudia kuendelea kulala humo au anataka kuiuza kesho asubuhi. Hapo ndipo penye utata, na hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Mfano wangu ni rejeta ya gari. Najua jarida hili ni la watu wa mashairi na hadithi, na pengine mwenzangu mmoja atasema mambo ya gereji yabaki gereji. La hasha! Sokrate mwenyewe alipokuwa akizungumza na vijana wa Athens hakuona haya kutoa mifano ya washona viatu na wahunzi. Sisi nasi tuzungumze kwa vyombo tulivyo navyo.

Kwa asiyejua, injini inapochoma mafuta, sehemu kubwa ya nguvu ya mafuta hayo haifiki kwenye magurudumu. Inageuka joto. Maji yanazunguka ndani ya injini, yanalibeba joto hilo, yanaingia kwenye rejeta kwa mpira wa juu, yanapita katika vijibomba vyembamba ambavyo upepo na feni vinavipoza, kisha yanarudi kwa mpira wa chini kubeba mzigo mwingine. Mfuniko wa rejeta nao haufuniki tu. Unashikilia presha, na maji yenye presha hayachemki upesi kwenye nyuzi 100 kama maji ya sufuria. Kwa hiyo ufa mwembamba kama unywele unatosha kuharibu mpango mzima: presha inatoka, maji yanapungua, gari linachemsha. Likichemsha sana, silinda hedi ya alumini inapinda, gasketi inaungua, maji yanaingia kwenye oili, na ukichomoa kijiti cha kupimia oili unakuta rangi ya chai ya maziwa. Hapo, ndugu yangu, umeshatoka kwenye kubadilisha rejeta, umeingia kwenye kufungua injini.

Rejeta za zamani zilikuwa za shaba. Zikitoboka fundi alichomelea kwa risasi, zikarudi kazini miaka mingine. Nyingi za siku hizi ni za alumini, na matangi yake ya juu na chini ni ya plastiki. Plastiki ikishachoka kwa joto na kupasuka, dawa ya kuaminika ni kubadilisha rejeta nzima. Lakini mtaani kuna dawa nyingine, na ndiyo iliyozaa makala haya. Dawa hiyo ni manjano. Naam, manjano haya haya ya pilau. Unamimina vijiko viwili ndani ya rejeta, unawasha injini, unga unazunguka na maji, unavutwa kuelekea kwenye ufa na kunasa pale. Na inafanya kazi! Ufa unaziba, kwa siku kadhaa, pengine wiki. Ila manjano hayachagui tundu. Yanaziba ufa, na yanaganda pia ndani ya vile vijibomba vyembamba ambavyo kazi yake ni kupitisha maji.

Sasa kisa. Baba yangu mdogo anakaa Tabata, Dar es Salaam. Ana Corolla ya siku nyingi, na mwaka jana rejeta yake ilipasuka kwenye tangi la juu. Gari lilishachemsha mara moja, pale kwenye foleni, akalizima mapema. Wakati huohuo alikuwa ameamua kuliuza, kwa sababu binti yake amepata chuo na ada inasubiri. Dalali akamletea mnunuzi, mwalimu anayefundisha Iringa, atakayekuja kuliangalia Jumatatu. Fundi wa mtaani, kijana mwenye roho nzuri tu, akatoa ushauri: manjano vijiko viwili, gari litatembea wiki nzima bila neno, jamaa anaondoka nalo, mzee unakula chako.

Mimi nilisoma ufundi wa magari kabla sijashikwa na ugonjwa wa kalamu. Kwa hiyo baba mdogo akaniita, si kwa ushauri, bali niikague kazi ya manjano isije ikafanywa ovyo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umesikia alichosema fundi?"

"Nimesikia. Lakini huyo mwalimu analipeleka Iringa, baba. Atapanda Kitonga nalo."

"Sasa? Kwani nimemshika mkono anunue? Ana macho, na ana haki ya kuja na fundi wake. Akiniuliza nitamjibu. Asiponiuliza, mimi ni redio nimtangazie?"

Msomaji, usiidharau hoja hii. Baba mdogo si tapeli. Ni mtu anayelipa madeni yake, na jirani akifiwa yeye ndiye wa kwanza kubeba viti. Na hoja yake ina ukoo mrefu. Mwaka 44 kabla ya Kristo, Mrumi aitwaye Cicero alimwandikia mwanawe aliyekuwa masomoni Athens kitabu kuhusu wajibu wa mtu. Humo anasimulia ubishi wa wanafalsafa wawili, Diogenes wa Babeli na mwanafunzi wake Antipater. Mtu anauza nyumba. Yeye peke yake anajua kuwa vyumbani hutokea nyoka na mbao zake ni mbovu. Je, ni lazima aseme? Antipater anasema ni lazima. Kunyamaza ni kama kumwacha mtu apotee njia nawe unaijua. Diogenes anasema: kwani alikulazimisha kununua? Yeye ametangaza kuuza asichokipenda, wewe umenunua ulichokipenda. Kunyamaza ni jambo moja, kuficha ni jambo jingine.

Kumbe baba yangu mdogo, bila kusoma kitabu hata kimoja cha Warumi, amekaa Tabata anazungumza kama Diogenes! Na sheria ya biashara tuliyoirithi kwa Waingereza nayo ilikua ndani ya msemo wa kumtaka mnunuzi ajihadhari mwenyewe, hata kama baadaye iliongezewa masharti ya kumlinda.

Cicero aliwasikiliza wote wawili, akaamua upande wa Antipater. Alisema, kwa muhtasari, kwamba si kila kunyamaza ni kuficha. Kuficha ni pale unapojua jambo, ukataka kwa faida yako wasilijue wale ambao ni muhimu kwao kulijua. Nadhani kipimo hiki ni kizuri kuliko hotuba nyingi. Hatuulizi mtu alisema nini. Tunauliza alitaka mwenzake asijue nini, na kwa faida ya nani.

Tukitumia kipimo hiki kwenye manjano, jambo la ajabu linatokea. Chukua dereva aliyeharibikiwa usiku porini. Amebeba mgonjwa, gari linavuja, na kwenye kapu la mama mmoja kuna manjano. Akiyamimina akafika hospitali, nani atamlaumu? Mimi nitampa mkono. Manjano ni yaleyale, rejeta ni ileile, ufa uleule. Lakini dereva yule anajua kilichomo ndani. Anaendesha polepole, jicho kwenye geji ya joto, na kesho atatafuta rejeta nyingine. Mwalimu wa Iringa hajui. Ataendesha kama mtu mwenye gari zima, na watoto kiti cha nyuma. Atavuka mbuga ya Mikumi, ambako barabara inakatisha katikati ya wanyama kwa kilomita zipatazo 50 na si mahali pa kushuka na kufungua boneti. Kisha Kitonga, mlima na kona, injini inavuma kwa gia ndogo, upepo kidogo, joto tele. Mlima ule haudanganywi kwa vijiko viwili vya manjano.

Kwa hiyo nasema: kuziba si kosa. Kosa ni kumzibia mwenzio macho pamoja na tundu. Watu wa pwani wanaijua hadithi ya Mtume Muhammad aliyepita sokoni, akaingiza mkono katika rundo la nafaka, vidole vikakuta unyevu chini ya nafaka kavu. Mwenye mali akasema ni mvua. Mtume hakumlaumu kwa mvua. Alimuuliza kwa nini asiiweke ile iliyolowa juu, watu waione. Mvua ni bahati mbaya ya kila mtu. Kupanga kavu juu na mbichi chini, hiyo si mvua tena, hiyo ni kazi ya mkono.

Nilimweleza baba mdogo mambo haya, bila shaka si kwa maneno ya Kirumi. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema neno ambalo lilinifunga mdomo.

"Mwanangu, ukweli wako ni mzuri. Lakini una bei. Na bei yake naitoa mimi, si wewe. Rejeta mpya laki mbili. Ada ya mdogo wako utailipa wewe?"

Hapa ndipo wengi tunaoandika makala za maadili hukimbia. Tunamwambia maskini aseme kweli, halafu tunakwenda kunywa chai. Je, ukweli ni anasa ya wenye fedha? Fundi wa mtaani hakuanza kupendekeza manjano kwa sababu ana roho ya shetani. Amependekeza kwa sababu kila siku analetewa magari na watu ambao mfukoni wana elfu kumi, wanataka kazi ya laki mbili. Ukimhukumu fundi, uwahukumu na wateja wake, na pengine utajikuta na wewe umo kwenye foleni hiyo.

Nililifikiria neno la baba mdogo usiku kucha, nikapata nusu mbili za jibu.

Nusu ya kwanza ni hii. Udanganyifu haufuti gharama. Unaihamisha. Ufa ule una deni lake, na deni litalipwa, manjano yawepo yasiwepo. Likilipwa Tabata, ni rejeta ya laki mbili. Likilipwa Kitonga, ni silinda hedi, gasketi, gari la kuvuta, na watoto wamelala kando ya barabara. Kwa hiyo swali si kama tulipe au tusilipe. Swali ni nani alipe, na je, ameulizwa? Mwalimu akiambiwa, akakubali gari na ufa wake kwa bei ya chini, hiyo ni biashara na hakuna wa kulaumiwa. Asipoambiwa, tumeingiza mkono katika mfuko wake, tena tumechukua kidogo na kumharibia kingi.

Nusu ya pili inanihusu mimi, na inawahusu wote wanaopenda kuhubiri. Kama ukweli una bei, basi anayeudai hana haki ya kumwachia mwenzake abebe bei yote. Anayedai ukweli ashike spana. Asubuhi nikamwambia baba mdogo: nusu ya rejeta natoa mimi, na kazi naifanya mwenyewe, hapahapa uani, Jumamosi. Akanitazama, akacheka, akasema, "Haya mwanafalsafa, leta vyuma vyako."

Kazi yenyewe haitaki miujiza. Inataka subira. Kwanza gari lipoe kabisa, maana mfuniko ukifunguliwa na moto, maji yanaruka na kubabua uso. Nikachomoa waya hasi wa betri, kwa sababu feni ya umeme inaweza kuzunguka ghafla na vidole vyako vimo. Nikaweka beseni chini, nikafungua kizibo cha chini. Yalitoka maji ya kijani, na watoto wa jirani wakaja kutazama. Nikawafukuza, si kwa ukali wa bure. Kulanti nyingi zina ethilini glaikoli, kitu chenye utamu mdomoni na sumu tumboni. Mbwa au mtoto akionja anaweza kufa. Mtaroni yasingeonekana baada ya dakika tano. Lakini si tulishakubaliana kwamba kutoonekana siyo hoja? Tukayatia kwenye dumu, tukaliandika SUMU kwa herufi kubwa, nami nikalipeleka kwenye gereji wanayokusanya maji na oili chafu.

Nikalegeza kilipu, nikachomoa mpira wa juu na wa chini. Nikafungua feni na koa lake, kisha bolti za namba kumi zinazoishikilia rejeta juu. Nikaiinua polepole kutoka kwenye raba zake mbili za chini. Kabla ya kuweka mpya nikaona nikague na themostati, kile kijimlango kinachozuia maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake. Nikafungua nyumba yake. Ndani hamna kitu. Patupu.

Wenye magari wa kwetu mtanielewa. Kuna mafundi wanaoamini kuwa nchi ya joto haihitaji themostati, gari likichemsha wanaing'oa na kuitupa. Kumbe bila hiyo injini inachelewa kupata joto, haswa asubuhi, na inakunywa mafuta zaidi. Baba mdogo kwa miaka minne alikuwa analalamika kwamba gari lake linakunywa mafuta kama lori.

"Nani kaitoa?" akauliza.

"Aliyekuuzia, baba. Au aliyemuuzia yeye."

Akakaa kimya. Akaishika rejeta mbovu, akaipindua huku na huku. Sikuongeza neno, na wala halikuhitajika. Kuna hoja ambazo mtu hazipati kwa Cicero. Anazipata akigundua kwamba kwa miaka minne yeye ndiye aliyekuwa mwalimu wa Iringa.

Tulinunua na themostati. Nikajaza maji na kulanti taratibu, nikawasha injini na mfuniko wazi, nikangoja mapovu ya hewa yatoke mpaka mpira wa juu ukawa wa moto, ishara kwamba kijimlango kimefunguka. Nikaongeza, nikafunga. Oili ilikuwa safi, hakuna rangi ya chai. Jioni tukalizungusha mpaka Segerea na kurudi, sindano ya joto imetulia katikati.

Fundi wa mtaani naye akapita, akaiomba rejeta ya zamani. Nikamuuliza ya nini. Akasema kuna jamaa anaweza kuinunua, ukiipaka gundi pale juu haionekani. Unaona, msomaji? Tundu lilikuwa limeshaanza kutafuta mwenyeji mwingine. Nikaipiga nyundo mbele yake mpaka ikakunjika, nikampa, akaiuze kwa kilo kama chuma chakavu. Alinuna kidogo, kisha akaichukua. Faida yake ilipungua, sikatai, lakini hakuondoka mikono mitupu.

Likabaki swali la mwisho, na hili ndilo gumu kuliko yote. Rejeta ni mpya. Ufa haupo. Je, Jumatatu mwalimu aambiwe kwamba gari liliwahi kuchemsha? Diogenes angesema hakuna tena cha kusema. Mimi niliona kipo. Injini iliyochemsha mara moja ikazimwa mapema, aghalabu hupona, lakini uwezekano wa gasketi kudhoofika haujafutika kwa sababu tu nimefunga rejeta mpya. Ni nani wa kuupima uwezekano huo? Ni yule atakayepanda Kitonga. Kutengeneza kunalipa deni la chuma. Deni la neno hulipwa kwa neno.

Sikumwambia baba mdogo hayo. Niliona nimeshasema ya kutosha kwa mtu aliyenizidi umri. Jumatatu mwalimu alipofika, baba mdogo mwenyewe ndiye aliyeanza: lilichemsha siku fulani, nikalizima, rejeta nimebadilisha, hii hapa risiti, na themostati haikuwepo, nimeiweka. Mwalimu hakuangua kilio cha furaha kwa kukutana na mtu mwaminifu. Aliingiwa na shaka, akaleta fundi wake, wakapima nusu siku, kisha akaomba apunguziwe laki tatu. Wakakutana kwenye laki mbili na nusu. Ada ya dada yangu ililipwa nusu, nusu nyingine ikatafutwa kwa jasho.

Kwa hiyo sitawadanganya kwamba ukweli unalipa. Mara hii ulitugharimu rejeta, themostati na laki mbili na nusu. Anayehubiri kwamba mwema hupata faida siku zote, huyo naye anauza gari lenye manjano. Ninachosema ni kwamba gharama hii ilikuwa yetu tangu mwanzo, nasi tuliibeba wenyewe, watu wawili badala ya mmoja. Na kama jamii inataka mafundi waache manjano na wauzaji waseme kweli, isiishie kuwalaani. Ijiulize nani atatoa nusu ya rejeta.

Mimi nimesema yangu. Anayeona Diogenes ana haki na aandike katika toleo lijalo, nami nitamsoma kwa makini. Ombi langu ni moja tu: ile nafaka iliyolowa aiweke juu ya rundo.